Mshenga wa Pini 56

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya koo mbili za Japani zilizocheza michezo ileile kwa miaka mingi bila kuweza kusemezana.

Ukoo wa kwanza ni wa makabati. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ilitoa Space Invaders, gemu iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado, na miaka miwili baadaye Namco wakaja na Pac-Man. Gemu hizo zilikaa ndani ya kabati lenye skrini, spika, fimbo ya kuongozea, vitufe na tundu la sarafu. Unatumbukiza sarafu, unacheza. Ukifa, unatumbukiza nyingine au unampisha mwenzako. Ukoo wa pili ni wa konsoli, kile kisanduku kinachokaa nyumbani pembeni ya televisheni. Nintendo walitoa Famicom mwaka 1983, na mwaka 1990 wakatoa Super Famicom, ambayo Marekani na Ulaya iliuzwa kwa jina la Super Nintendo.

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ikaleta Street Fighter II kwenye makabati. Mwaka uliofuata gemu hiyohiyo ikatoka kama kaseti ya Super Nintendo, watu wakapigana sebuleni. Lakini aliyewahi kusimama bega kwa bega na mpinzani wake mbele ya kabati, kiganja kimeikamata fimbo barabara, hatosheki na kidude cha plastiki cha kubonyeza kwa vidole gumba. Ndipo mafundi wakajiuliza: kama bodi ya gemu iliyokuwa ndani ya kabati imekufa, na konsoli ninayo, kwa nini nisiiweke konsoli humo?

Kinachohitajika ni adapta. Kazi yake ni ya mshenga: inapokea maneno ya upande huu, inayafikisha upande wa pili kwa namna yanavyokubalika huko, na hakuna upande unaolazimishwa kubadili tabia zake.

Tuanze na upande wa kabati, maana huko kuna jambo ninalolipenda kuliko mengine yote. Zamani kila kampuni ilifunga nyaya zake ipendavyo. Mwenye ukumbi akitaka kubadilisha gemu, fundi alikata nyaya na kuziunga upya, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani, kwa kifupi JAMMA, kikaleta utaratibu mmoja wa nyaya. Tangu hapo ukawa unachomoa bodi ya gemu hii, unachomeka ya gemu ile, basi. Utaratibu huo haukuwekwa kwa ajili ya konsoli hata kidogo. Lakini kwa kuwa ulikuwa mmoja na unajulikana, ulimfungulia mlango hata mtu ambaye kampuni zile hazikumfikiria: kijana mwenye pasi ya kulehemu na subira.

Chungulieni ndani ya kabati. Kuna fungu la nyaya za rangi nyingi, na mwisho wake kiunganishi kirefu chembamba chenye pini 56, yaani 28 kila upande, zilizoachana milimita 3.96. Upande mmoja una namba, 1 hadi 28. Upande wa pili una herufi: A hadi Z kwa herufi kubwa, ukiruka G, I, O na Q, halafu a hadi f kwa herufi ndogo. Hesabuni wenyewe, zitatimia 28. Katika nafasi ya 7 kuna kizuizi kidogo, na bodi ina mwanya hapohapo, ili mtu asije akaichomeka kinyumenyume na kuiunguza. Wachezaji nao wamegawanywa kwa pande hizo. Kitufe cha kuanza cha mchezaji wa kwanza kipo pini ya 17, cha mchezaji wa pili kipo herufi U, nyuma yake hasa. Fimbo ya kwanza ikisukumwa juu, ni pini ya 18. Ya pili, ni V. Ukilielewa hilo, kuchora ramani ya pini zote ni kazi ya jioni moja.

Kabla hatujagusa waya, nina onyo, na ninalisema kwa uzito. Skrini ya kabati la zamani ni ya chogo, na ndani yake umeme hufika volti elfu nyingi. Hata ukichomoa plagi, chogo kinaweza kubaki na umeme wa kukurusha. Msiifungue. Uzuri wa kiunganishi kile ni kwamba kila kinachohitajika kimeletwa hapo, kwa hiyo adapta hujengwa mezani na skrini haiguswi kabisa. Na siku ya kuchomeka, fundi mzoefu awe pamoja nanyi.

Sasa mshenga aanze kazi. Ana mambo manne ya kupeleka: umeme, picha, sauti na amri za mikono.

Umeme ni mwepesi. Kabati lina volti 5 na volti 12. Super Nintendo ndani yake inatumia volti 5. Chaja yake huleta zaidi ya hapo, kisha aisii (chipu ndogo) iitwayo 7805 huzishusha. Wapo mafundi wanaoipita hiyo 7805 na kuilisha konsoli volti 5 za kabati moja kwa moja. Mimi kwa anayeanza nasema aiweke chaja ya konsoli humohumo kabatini, umeme wa kabati auache uendeshe adapta tu. Kwa vyovyote, pimeni kwa mita kwanza. Mita ni rahisi kuliko konsoli.

Picha ndiyo inayotaka akili. Skrini ya chogo huchora picha kwa miale inayokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari chini ya mstari. Super Nintendo ya Japani au Marekani hutoa mistari 262 kwa kila picha, picha kama 60 kwa sekunde. Zidisheni: mistari 15,720 kwa sekunde. Skrini ya kawaida ya kabati la miaka ile nayo hukimbia mwendo uleule, elfu kumi na tano na ushei. Hapo koo mbili zinakubaliana bila hata mshenga kufungua mdomo, na ndiyo maana konsoli za zamani zinafaa kazi hii kuliko kompyuta nyingi za baadaye, ambazo skrini zake huchora mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde.

Wanapotofautiana ni kwenye nguvu ya sauti zao, kama nitaruhusiwa kusema picha ina sauti. Super Nintendo hutoa rangi tatu kila moja na waya wake: nyekundu, kijani na bluu. Kila waya hubeba volti 0.7 hivi rangi inapong'aa kabisa, kwa kuwa televisheni za nyumbani zimezoea hizo. Skrini ya kabati imezoea volti kama tatu au zaidi. Ukiunga moja kwa moja, picha itatokea, lakini ya giza. Kwa hiyo adapta inabeba amplifaya tatu ndogo, moja kwa kila rangi, na zote tatu lazima zikuze kwa kiwango kilekile. Nyekundu ikizidishwa kidogo tu, nyuso za wapiganaji zote zitaonekana kama zimepakwa ndimu na pilipili.

Kuna waya wa nne, nao usipousikiliza hutapata picha. Huo hubeba ishara inayoiambia skrini, mstari mpya umeanza, na sasa ukurasa mpya umeanza. Ikikosekana, picha hupinda na kubingirika bila kutulia. Kwenye Super Nintendo za Japani na Marekani, tundu la nyuma lenye pini 12 hutoa ishara hiyo kwenye pini ya 3. Kwenye zile zilizouzwa Ulaya, pini hiyohiyo ya 3 hutoa volti 12! Tundu ni lilelile, umbo ni lilelile, na anayefuata ramani ya konsoli ya Japani anapeleka volti 12 mahali pa ishara ndogo. Kwa konsoli ya Ulaya njia ni kuchukua waya wa picha ya kawaida, ile ya plagi ya njano, na kuupitisha kwenye aisii ya LM1881. Aisii hiyo huitupa picha na kubaki na ishara peke yake. Ina miguu minane tu, na inahitaji kapasita na rezista chache pembeni yake.

Sauti nitaipitia haraka. Kwenye kabati la JAMMA, amplifaya ya spika haikukaa kabatini, ilikaa kwenye bodi ya gemu. Bodi ikiondoka, imeondoka nayo. Konsoli hutoa sauti nyembamba isiyoweza kusukuma spika, ya kushoto na ya kulia. Zichanganyeni kupitia rezista mbili ziwe moja, kisha ipelekeni kwenye TDA2003, aisii iliyotengenezwa kwa ajili ya redio za magari. Gari lina betri ya volti 12, kabati nalo lina volti 12. Fundi redio yeyote wa mtaani kwenu anaifahamu aisii hiyo au dada yake.

Tumefika kwenye mikono, na hapa naomba tukae.

Kabatini kila swichi ina waya wake. Mchezaji mmoja ana njia nne za fimbo, kitufe cha kuanza na vitufe vitatu vya kupigia: nyaya nane. Unapobonyeza, swichi huunganisha waya wake na waya hasi, basi. Kidude cha Super Nintendo kina vitufe 12, ukihesabu na pande nne za msalaba, lakini kebo yake inatumia nyaya tano tu: wa volti 5, wa hasi, na tatu za mazungumzo. Vitufe 12 vinapitaje kwenye nyaya hizo?

Vinapita kwa zamu. Mara 60 kwa sekunde konsoli hutuma mpigo mmoja kwenye waya wa kwanza wa mazungumzo, maana yake: kila kitufe kibaki kilivyo, nakuhesabu. Kisha kwenye waya wa pili hutuma mipigo 16 mfululizo, na kwa kila mpigo kidude hujibu neno moja kwenye waya wa tatu: nimebonyezwa, au sijabonyezwa. Wa kwanza kujibu ni B, halafu Y, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, kisha A, X, L na R. Nafasi nne za mwisho hazina kitufe. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na aisii mbili za aina ya 4021, kila moja ikiwa na miguu 16 na milango minane ya kuingizia. Mbili hizo zikifuatana zinatoa milango 16, sawa na mipigo ya konsoli. Chukua waya wa kila swichi ya kabati, uupeleke kwenye mlango wa kitufe chake. Kila mlango uufungie rezista ya kiloomu 10 kwenda kwenye volti 5, ili swichi isipobonyezwa mlango ukae juu, kwenye volti 5, na ikibonyezwa ushuke hadi sifuri. Na hapa kuna bahati inayonifurahisha kila nikiisimulia: Super Nintendo nayo husoma sifuri kama kitufe kilichobonyezwa. Watu wa makabati na watu wa konsoli walifikia uamuzi uleule.

Street Fighter II ina vitufe sita, na utaratibu wa JAMMA ulipanga vitatu. Capcom walitatua kwa kuongeza kiunganishi cha pembeni kwa vitufe vilivyozidi, nanyi fanyeni hivyohivyo. Safu ya juu, ya ngumi, iunganishwe na Y, X na L. Safu ya chini, ya mateke, na B, A na R. Huo ndio mpangilio wa kaseti yenyewe mwanzoni, kwa hiyo hamtalazimika kubadili chochote kwenye gemu.

Imebaki sarafu. Konsoli haijui sarafu ni kitu gani. Kwenye vibanda vya gemu vya huku kwetu mwenye kibanda hutazama saa na kusema muda wako umekwisha. Nintendo walifikiria jambo kama hilo mwaka 1986 walipotengeneza PlayChoice-10, kabati lililobeba gemu za nyumbani kumi, ambamo sarafu ilinunua muda wa kucheza. Kwenye adapta yenu, swichi ya sarafu inaweza kuwasha kihesabu muda, na muda ukiisha kikakata waya wa majibu ya vitufe. Kama kabati ni la nyumbani, lisiloingiza pesa, iungeni swichi hiyo na Select.

Mkishaiweza hii, jaribuni safari ya kurudi: kuchukua bodi ya kabati na kuichezea kwenye televisheni ya nyumbani. Kifaa chake huitwa supagani. Huko rangi hazikuzwi, zinapunguzwa kwa rezista zisiiumize televisheni, vidude vya mkononi vinapeleka kila kitufe kwa waya wake, na umeme wa volti 5 na 12 mtautafuta wenyewe, kwa sababu bodi ya kabati huja mikono mitupu.