Gharama za Kuanza Makazi Lubumbashi

Familia inayohamia nchi nyingine hukabiliwa na gharama za aina mbili, ambazo mara nyingi huchanganywa katika hesabu moja: gharama za safari, yaani nauli, usafirishaji wa mizigo, viza na ushuru, na gharama za kuanzisha makazi, yaani fedha zote zinazohitajika ili nyumba tupu iweze kulalika, kupikiwa na kukaliwa na watoto wanaosoma. Gharama za aina ya kwanza zina kikomo kinachoonekana, kwa kuwa lori likishapakuliwa zimekwisha, lakini za aina ya pili huendelea kudai kwa miezi kadhaa, nazo ndizo zinazowaelemea hata watu walioondoka kwao wakiwa na akiba ya kutosha. Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji unaofaa kuchunguzwa katika jambo hili, kwa sababu tangu reli kutoka kusini ilipoufikia mwaka 1910 umekuwa ukijazwa na watu waliotoka kwingine na kulazimika kuanza maisha kwa kununua sufuria.

Katika miongo ya mwanzo, swali la nani agharimie sufuria hiyo lilijibiwa na mwajiri. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuajiri wanaume wa mikataba mifupi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye kutoka sehemu nyingine za Kongo na kutoka Ruanda-Urundi. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwelekeo na kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao na wakae kwa mikataba ya miaka mitatu, kwa hesabu ya wazi kwamba mfanyakazi mwenye familia hutoroka kidogo na huugua kidogo. Kwa hiyo kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga na vyakula vingine, hospitali na shule, na mtindo huo ukaendelezwa na Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi hiyo baada ya kutaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967. Wazee wa mji bado huizungumzia posho kwa masikitiko fulani, na si bila sababu, kwa maana Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, kisha wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 wakaachishwa katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari kuanzia mwaka 2003, mzigo wa kuanzisha na kuendesha nyumba ulihamia moja kwa moja mfukoni mwa familia. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 bado inamwekea mwajiri wajibu kuhusu safari ya mtu aliyeajiriwa mbali na mahali pa kazi, pamoja na mwenzi na watoto wake, na mtu anayehamia kwa ajili ya kazi angefanya vyema kudai kipengele hicho kiandikwe katika mkataba kabla hajafunga mizigo. Lakini mfanyabiashara, fundi wa kujitegemea na mtu anayefuata ndugu zake hawana wa kumdai.

Kosa linalorudiwa zaidi katika bajeti za namna hii ni kuorodhesha vitu na bei zake, kana kwamba vyote vinalipwa siku moja na kwa sarafu moja. Orodha hiyo ina kazi yake, lakini haionyeshi jambo lililo zito zaidi, nalo ni wakati ambapo kila fedha inatakiwa kutoka. Familia inaweza kuwa na jumla ya fedha inayotosha mwaka mzima na bado ikakwama wiki ya pili, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hiyo imefungwa mahali isipoweza kuguswa, huku mshahara wa kwanza ukiwa bado uko mbali.

Mahali fedha inapofungwa kwanza ni kwa mwenye nyumba. Garanti, kama inavyoitwa Lubumbashi kwa kufuata Kifaransa, ni amana anayoweka mpangaji kabla ya kuingia, nayo hukaa kwa mwenye nyumba hadi mpangaji anapoondoka. Sheria ya upangaji wa nyumba za makazi ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti kuwa kodi ya miezi mitatu, ila uhaba wa nyumba nzuri huwapa baadhi ya wenye nyumba ujasiri wa kudai zaidi, na mgeni asiyeijua sheria ndiye anayelipa bila kubisha. Juu ya garanti huongezwa kodi ya mwezi wa kwanza, pamoja na malipo ya komisionere, yaani dalali anayezunguka na mteja kutoka nyumba hadi nyumba, ambaye mara nyingi hudai kiasi kinacholingana na kodi ya mwezi mmoja. Ikiwa kodi, kwa mfano, ni dola 400, basi garanti ni dola 1,200, mwezi wa kwanza dola 400 na komisionere dola 400, jumla dola 2,000 ambazo zimekwisha kutoka kabla kijiko hakijanunuliwa. Kutokana na hesabu hiyo, kila dola 100 inayoongezeka katika kodi huongeza dola 500 katika fedha ya siku ya kwanza, na hii ndiyo sababu yenye nguvu ya kuanza katika nyumba ndogo kuliko ile ambayo familia ingeweza kuilipia kwa mwezi. Pengo la kodi kati ya makomini, yaani manispaa za mji, kama Katuba, Kenya au Ruashi na mitaa ya Golf ni kubwa, na familia inayoanza upande wa bei nafuu, ikauzoea mji kwa mwaka mmoja, hupoteza hadhi kidogo na kuokoa fedha nyingi.

Dola hutajwa hapa kwa makusudi. Faranga ya Kongo, iliyoanza kutumika mwaka 1998, ndiyo sarafu ya soko, ya usafiri na ya bidhaa ndogondogo, lakini kodi, garanti, ada za shule binafsi na samani kubwa hutajwa kwa dola za Marekani, na noti ya dola iliyochanika hata kidogo, iliyoandikwa kalamu au ya toleo la zamani inaweza kukataliwa na kila mtu kuanzia mwenye nyumba hadi muuza simu. Anayetoka Zambia na kwacha, au Tanzania na shilingi, hubadilisha mara mbili, kwanza kupata dola na kisha kupata faranga, na katika kila hatua hukatwa kidogo. Kwa hiyo bajeti inapaswa kugawanywa katika mafungu mawili, la dola na la faranga, na fungu la faranga libadilishwe kidogo kidogo kadiri ya mahitaji, kwa kuwa thamani yake ndiyo inayoyumba zaidi.

Baada ya kodi huja umeme na maji, na hapa mgeni hudanganywa na macho, kwa sababu nyumba yenye swichi na mabomba si lazima iwe nyumba yenye umeme na maji. Sehemu ya umeme wa Katanga hutoka mbali, kwenye mabwawa ya Inga, kupitia njia ya nyaya yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na migodi huchukua sehemu kubwa ya umeme huo kabla haujafika majumbani. Matokeo yake ni delestaji, yaani mgawo wa kukata umeme kwa zamu, pamoja na nguvu ya umeme inayopanda na kushuka. Kabla ya kusaini mkataba, familia inapaswa kuwauliza majirani, wala si komisionere, ni saa ngapi kwa siku umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hupatikana, kama mita ni ya kulipia kabla ya matumizi, na kama mpangaji aliyetangulia ameacha deni. Friji bila stabilizata, kifaa kinachosawazisha nguvu ya umeme, haina maisha marefu, na gharama ya kifaa hicho inapaswa kuandikwa pamoja na friji kana kwamba ni kitu kimoja. Habari ya maji ni fupi zaidi: mahali ambapo bomba la Regideso, shirika la maji, halitoi kila siku, familia huhitaji ama nyumba yenye foraji, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine, ama tangi na mabidoni ya kutosha, na pengine pia mtu wa kuyabeba, ambaye naye hulipwa.

Ni jambo la kushangaza kwa wengi kwamba jiko la umeme lililobebwa kwa uangalifu kutoka ng'ambo huishia kuwa meza ya kuwekea vyombo. Mji hupika kwa makala, yaani mkaa, na mbabula, jiko dogo la bati linalotengenezwa na mafundi wa mjini kwa mabati chakavu, hugharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na kazi linayofanya. Makala yenyewe hupanda bei msimu wa mvua, unaoanza takriban Novemba, kwa kuwa barabara za kuelekea misitu ya miombo huharibika. Anayehamia mwezi wa Agosti au Septemba akanunua magunia kadhaa na kuyahifadhi mahali pakavu huwa amepata punguzo lisilohitaji majadiliano. Unga wa mahindi wa bukari, yaani ugali, nao una tabia yake. Haut-Katanga hutegemea kwa kiasi kikubwa mahindi na unga kutoka Zambia na nchi nyingine za kusini, kwa hiyo ukame wa ng'ambo au zuio la kuuza nje huonekana haraka katika bei za soko la Kenya na la Mzee Kabila, na bajeti ya chakula inayotegemea bei ya wiki ya kuwasili haina msingi imara.

Swali la nini kibebwe na nini kinunuliwe linategemea njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000 za barabara, na kwa anayetoka upande huo gharama ya kubeba makabati na vitanda inaweza kuzidi bei ya kuvichongesha upya kwa maseremala wa Lubumbashi, wakati anayetoka Kitwe, chini ya mwendo wa siku moja, anaweza kubeba karibu kila kitu. Kinachowaunganisha wote wawili ni Kasumbalesa, mpaka ulioko takriban kilomita 90 kutoka mjini, ambako foleni za malori ya madini ni sehemu ya kawaida ya maisha. Forodha kwa kawaida hutofautisha vyombo vya nyumbani vilivyotumika, vinavyoingizwa na mtu anayehamisha makazi, na bidhaa mpya. Tofauti hiyo humnufaisha msafiri pale tu anapokuwa na orodha kamili ya mizigo, hati inayothibitisha kwamba aliishi nje na anahama, na deklaran, yaani wakala wa forodha, aliyekubaliana naye bei mapema na kwa maandishi. Televisheni mpya ndani ya boksi lake, iliyofichwa kati ya magodoro, inaweza kuharibu hoja nzima. Aidha, bajeti lazima iwe na fungu la kusubiri, kwa ajili ya malazi, chakula na malipo ya lori linalokaa bila kusonga. Mwezi Agosti 2024 Zambia ilifunga upande wake wa mpaka kwa siku chache kutokana na mvutano wa kibiashara, na aliyekuwa na mzigo njiani siku hizo hakuwa na wa kumlaumu wala wa kumfidia.

Vitu vinavyostahili nafasi katika lori ni vile vyepesi, ghali na vigumu kupata kwa ubora uleule: mablanketi mazito, kwa sababu Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kuliko mgeni anavyotazamia Kongo kuwa, vyandarua, dawa za mtu mwenye ugonjwa wa kudumu, vitabu vya watoto na zana za kazi. Adapta za plagi nazo zimo katika kundi hili kwa anayetoka Zambia au Tanzania, ambako plagi za pini tatu bapa ni za kawaida, wakati Kongo hutumia zaidi zile za pini za duara.

Shule ndiyo gharama inayosahaulika hadi watoto wanapokuwa nyumbani bila kazi. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Julai, na Zambia pamoja na Tanzania hufuata kalenda ya Januari hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo mtoto anayehamishwa Januari hulikuta darasa liko katikati, na anayehamishwa Agosti hukatiza mwaka aliokwisha kuulipia. Elimu ya msingi katika shule za umma za Kongo imetangazwa kuwa bila malipo tangu Septemba 2019, ila kwa mtoto aliyesoma kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha Tanzania kizuizi ni Kifaransa, na masomo ya ziada ya miezi sita yanapaswa kuingizwa katika gharama za kuanzisha makazi sawasawa na kitanda, kwa maana bila hayo mtoto hupoteza mwaka, na mwaka uliopotea hulipiwa tena.

Familia inayotoka Lubumbashi kwenda Kitwe, Ndola au Lusaka hufanya hesabu hii kinyume, na mambo mengi hugeuka pamoja na upande wa barabara, ambao Zambia ni wa kushoto. Kifaransa cha watoto huhitaji kubadilishwa kuwa Kiingereza, dola hubadilishwa kuwa kwacha, na delestaji haibaki nyuma, kama wakazi wa Zambia walivyoshuhudia mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Kariba.

Kuhusu garanti, ambayo ndiyo fedha kubwa kuliko zote, familia inayotaka kuirudisha siku ya kuondoka huianzia kazi siku ya kuingia: risiti inayotaja kiasi kwa dola na tarehe, mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, na karatasi inayoeleza hali ya kila chumba, pamoja na kioo kilichopasuka na bomba linalovuja, iliyosainiwa kabla godoro la kwanza halijaingizwa ndani.