Kizibao au Koti: Nguo Ipi Ibebe Zana za Kazi?



Fundi wa mitambo, mpima mbao, utingo wa lori na mchuma tumbaku wote wana shida moja: mikono miwili haitoshi. Spana, bisibisi, futi, kalamu, daftari, kisu, simu na kitambulisho cha kuonyesha mpakani, vyote havina budi kupata mahali pa kukaa. Ndiyo maana kwenye mitumba ya Arua na ya Koboko nguo zenye mifuko mingi hutafutwa sana. Lakini fedha ya kibarua ni ya jasho, na nguo isiyofaa kazi humtia mtu hasara mara mbili: kwanza mfukoni, kisha mwilini. Kwa hiyo tumeona yafaa kulinganisha kizibao, yaani ile nguo isiyo na mikono, na koti.

Kwa kazi nyingi za kwetu, sisi twakipendelea kizibao. Katika miezi ya kiangazi, toka Desemba hadi Machi, jua la West Nile ni kali, na mtu aliyevaa koti zito hulowa jasho kabla ya saa nne. Kizibao huacha makwapa wazi. Tena, na hili ndilo kubwa zaidi, ukiinua mikono kufunga boriti au kupakia gunia, kizibao hubaki mahali pake. Koti hupanda lote pamoja na zana zilizomo, kola ikakukaba shingo, na yale mafundo ya mizigo ya chini yakakugonga mbavuni.

Hata hivyo uzito ni uzito. Kila kinachoning'inia kifuani huvuta shingo na mabega kuja mbele, na anayeshinda ameinama ataulipia mzigo huo usiku. Vitu vizito viwekwe chini karibu na kiuno, tena vigawanywe kulia na kushoto. Nyundo na spana kubwa si mzigo wa kizibao wala wa koti. Mahali pake ni mkanda wa zana au sanduku. Mifuko 20 isikudanganye. Mfuko usioweza kuingiza mkono wenye glavu ni pambo tu. Wazee wanaikumbuka Kaunda suti ya miaka ya 1970: mifuko michache tu, lakini kila mmoja ulikuwa na kazi yake.

Penye mashine inayozunguka, maneno hubadilika. Mkanda wa kinu cha kukoboa au msumeno wa mbao haubagui kati ya kizibao na koti; hunasa kinachopepea. Kizibao kisichofungwa mbele, koti lenye mikono mipana, kamba ya kukazia kiunoni, kifuniko cha mfuko kilichopoteza kifungo, kila kimoja chaweza kumvuta mtu ndani ya mashine kabla mwenziwe hajaufikia swichi. Hapo vaa nguo iliyokaa mwilini, iliyofungwa yote. Usiweke bisibisi wala kalamu katika mfuko wa kifuani ulio wazi: utakapoinama itaangukia kwenye meno ya mashine, nawe bila kufikiri utaunyosha mkono kuidaka.

Shambani kwenye tumbaku ndipo kizibao kinaposhindwa kabisa. Zao hili ni la miaka mingi West Nile, na wachumaji wanaijua ile asubuhi ambayo kichwa huuma, kizunguzungu hushika na matapishi huja, wengine wakidhani ni malaria. Majani mabichi yakiwa na umande au mvua hutoa nikotini, nayo hupenya kwenye ngozi. Mikono mitupu iliyokumbatia majani mabichi tangu alfajiri hunywa sumu hiyo saa nzima baada ya saa nzima. Hapa patakiwa nguo ya mikono mirefu isiyopitisha maji, pamoja na glavu. Koti la pamba likishalowa chapa si kinga tena, maana hushikilia ule unyevu juu ya ngozi. Livuliwe, na mtu aoge kwa sabuni. Anayenyunyizia dawa ya wadudu naye asibebe chakula, sigara wala simu mfukoni, kwa kuwa mfuko wazi hupokea matone. Nguo hiyo isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Barabara ya lami itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imeleta biashara, imeleta na malori ya mwendo wa kasi. Wanaofanya kazi kandokando yake, na walinzi wa usiku, wanahitaji mistari inayorudisha mwanga wa taa. Tazama vizuri: vizibao vingine vimeshonewa mifuko juu ya mistari hiyohiyo, na ukijaza mifuko mistari haionekani. Kwa mlinzi koti ni bora, kwa sababu ya baridi ya alfajiri na mvua, ila naye avae mistari juu ya koti, si ndani yake.

Neno moja juu ya rangi. Katika mitumba hutokea kizibao cha mabaka ya kijeshi, imara, chenye mifuko ya kupendeza. Kiache. Sheria ya Uganda inamkataza raia kuwa na sare za jeshi, na Septemba 2019 gazeti rasmi la serikali lilitangaza mavazi ya kijeshi ambayo raia haruhusiwi kuyavaa. Kwa mtu wa Koboko, mwenye mpaka wa Kongo upande mmoja na wa Sudan Kusini upande wa pili, ni hatari zaidi, maana maaskari wako njiani kila siku.

Unaponunua, geuza nguo ndani nje. Kitako cha mfuko kiwe na mshono wa mara mbili, na pembe za juu ziwe zimekazwa. Hapo ndipo huanza kuchanika. Kaki nzito ya pamba hudumu na haiyeyuki kama nailoni, ambayo cheche ya kuchomelea huiyeyusha juu ya ngozi. Zipu ndogo za plastiki hujaa vumbi zikakataa. Kifungo kikubwa ni bora. Kisha jaribu kwa zana zako: inama, chuchumaa, inua mikono. Kikianguka kitu, nguo si yako. Na pengine huhitaji kununua kabisa, maana fundi cherehani aweza kushona mifuko minne ya turubai kwenye kizibao cha zamani.

Limebaki swali la nani alipe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2006 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi nguo za kujikinga zinazofaa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka wa 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Basi mistari ya barabarani, nguo ya mnyunyiziaji na ya mchuma tumbaku si zawadi, na zisikatwe kwenye mshahara. Kizibao cha kubebea zana tu ni jambo jingine. Hicho mwajiri aweza kudai si kinga, na kwa hiyo kiandikwe kwa jina katika mkataba wa hali bora: vingapi kwa mwaka, cha kitambaa gani, nani hukifua, na kikichanika kazini kibadilishwe kwa siku ngapi.