Je, Wajua? Nani Huhesabiwa Katika Tafiti za Bukoba na Muleba

Ukitafuta jina la Bukoba au Muleba katika majarida ya kitaaluma, utakutana na malaria, UKIMWI, uyeyushaji wa chuma, tendi zinazoimbwa kwa enanga (ala ya nyuzi ya Wahaya) na maisha ya kaya za wakulima wa ndizi na kahawa. Juu ya kila makala kuna majina. Majina hayo huingizwa kwenye hifadhidata na kuhesabiwa, na hesabu hiyo husaidia kuamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti unaofuata, na nani akumbukwe kuwa ndiye aliyegundua. Kanuni za kuhesabu ni nyingi, nazo hazikubaliani. Mkoa wa Kagera, zilimo Bukoba na Muleba, una mifano mizuri ya kuzieleza.

1. Nafasi ya jina ni habari tosha

Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la vyandarua lililofanyika Muleba. Wilaya iligawanywa katika maeneo 48 yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Mengine yalipata vyandarua vya kawaida vyenye dawa, mengine yakapata vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, ambayo huvunja usugu wa mbu. Baadhi ya maeneo yalipuliziwa pia dawa ukoko majumbani. Vyandarua vya PBO vilipunguza maambukizi ya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na asilimia 33 mwaka wa pili. Ushahidi wa Muleba ulikuwa nguzo ya uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa kupendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017, hata kabla makala haijatoka.

Makala hiyo ina waandishi 11. Wa kwanza ni Natacha Protopopoff, wakati huo mtafiti wa chuo cha London cha afya na tiba za tropiki. Wa pili ni Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza. Wa mwisho ni Mark Rowland. Katika sayansi za tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa timu.

Mwaka 2022 The Lancet ilichapisha jaribio jingine la vyandarua vya aina mpya, lililofanyika Misungwi, ng'ambo ya ziwa mkoani Mwanza. Safari hii wa kwanza ni Jacklin Mosha na wa mwisho ni Protopopoff. Msomaji anayejua kanuni hii huona katika orodha hizo mbili jinsi uongozi wa kazi ulivyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ndani ya miaka minne.

2. Makala moja yaweza kugawanywa kwa njia tatu

Tuchukue makala ile ya Muleba yenye waandishi 11. Njia ya kwanza humpa kila mmoja alama 1 kamili, hivyo makala moja ikazaa alama 11. Njia ya pili hugawa alama 1 sawasawa, na kila mmoja akapata kama asilimia 9. Njia ya tatu hufuata mpangilio: wa pili hupata nusu ya fungu la wa kwanza, wa tatu theluthi yake, na kuendelea. Kwa njia hiyo wa kwanza hupata asilimia 33, wa pili asilimia 17, na wa kumi na moja asilimia 3 tu.

Tatizo la njia ya tatu linaonekana mara moja: huyo wa kumi na moja ndiye kiongozi wa timu. Ndiyo maana wapo wanaoirekebisha ili wa mwisho apate sawa na wa kwanza.

Kipimo kinachotajwa zaidi vyuoni, kile cha h kilichobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hakigawi chochote. Mtu mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, awe ameziandika peke yake au pamoja na watu mia.

3. Faharasa kubwa ya kwanza ilimwona mtu mmoja tu

Eugene Garfield wa Marekani alitoa wazo la faharasa ya marejeleo mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 akaanza kuichapisha. Ilikuwa na pengo kubwa: kazi iliyorejelewa iliorodheshwa chini ya jina la mwandishi wa kwanza peke yake.

Sasa fikiria makala iliyotoka mwaka 1990 katika jarida la AIDS, iliyopima kuenea kwa virusi vya UKIMWI mkoani Kagera kwa kutumia sampuli ya wananchi wa kawaida. Ndiyo iliyoonesha kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na maambukizi. Waandishi ni Killewo, Nyamuryekunge, Sandström, Bredberg-Rådén, Wall, Mhalu na Biberfeld. Kwa utaratibu ule wa zamani, aliyetafuta marejeleo ya kazi hii aliyakuta kwa Killewo. Aliyeanza na jina la Nyamuryekunge au Mhalu hakukuta kitu, ingawa wote walishiriki katika kazi iliyolifungua taifa macho.

4. Wachumi hufuata alfabeti

Kati ya 1991 na 1994 zaidi ya kaya 900 za Kagera zilihojiwa mara kadhaa katika uchunguzi mkubwa wa afya na maendeleo. Mwaka 2004 na tena 2010, wadadisi waliwatafuta watu walewale popote walipohamia, hata nje ya mkoa na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Kazi hiyo ya kuwafuatilia iliendeshwa na kampuni ya utafiti yenye makao Bukoba. Makala mashuhuri iliyotokana nayo ilitoka mwaka 2011: waliohama waliongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki.

Waandishi ni Beegle, De Weerdt na Dercon. B, kisha D, kisha D tena. Usitafute hapo nani alifanya zaidi, kwa sababu wachumi wengi hupanga majina kwa alfabeti. Lakini alfabeti nayo ina upendeleo. Makala inaporejelewa kama "Beegle na wenzake," wawili wengine hupotea machoni. Mwaka 2006 Liran Einav na Leeat Yariv walionesha kwamba katika idara bora za uchumi za Marekani, wenye majina ya herufi za mwanzo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kudumu. Mtu wa Kagera anayeitwa kwa jina linaloanza na Rw au Ty anajua angesimama wapi katika foleni hiyo.

5. Mtoto wa Muleba aliandika peke yake

Mwaka 1997 jarida la World Development lilichapisha utafiti kuhusu UKIMWI na hali ya uchumi wa wakulima wadogo katika kijiji cha Kagabiro, Muleba. Mwandishi ni mmoja: Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, ambaye baadaye aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa na kuwa mbunge wa Muleba Kusini. Mwandishi anapokuwa mmoja, njia zote tatu za kuhesabu hutoa jibu lilelile, yaani 1. Herufi T haina madhara hapo, wala hakuna wa kumwuliza nani alikuwa kiongozi.

6. Mosha wawili wamo katika orodha moja

Katika makala ile ya Muleba ya 2018 yumo Jacklin F. Mosha, na yumo pia Franklin W. Mosha wa chuo cha tiba cha KCMC, Moshi. Anayerejelea kwa kuandika "Mosha" bila herufi za mwanzo huchanganya watu wawili, na mashine hufanya kosa hilohilo kwa kasi zaidi. Jina "De Weerdt" nalo huwekwa na wengine chini ya D, na wengine chini ya W.

Kwetu shida ni kubwa zaidi. Mtanzania mwenye jina lake, la baba na la babu huweza kuandika mawili leo na matatu kesho, na mwanamke aliyeolewa huweza kubadilisha la mwisho. Hifadhidata humgeuza mtu mmoja kuwa watatu, kila mmoja akiwa na alama chache. Dawa ipo tangu Oktoba 2012: namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, inayotolewa bure na kumfuata mtafiti maisha yake yote.

7. Kurasa nne za Bukoba zimezungushwa duniani bila kusomwa

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, katika iliyokuwa Wilaya ya Bukoba, walianza kucheka bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, walioathirika walifika 95, na Machi shule ikafungwa. Hali hiyo ilifika Nshamba, ambayo leo iko Muleba, ikawapata watu 217. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip waliandika taarifa ya kurasa nne katika jarida la tiba la Afrika ya Kati mwaka 1963.

Taarifa hiyo inasema vicheko vilikuja kwa vipindi, vikichanganyika na vilio na mahangaiko, na kati yake mgonjwa alitulia. Lakini kadiri ilivyorejelewa kupitia vitabu vya watu wengine, ikageuka hadithi ya watu waliocheka mfululizo kwa miezi. Mwaka 2007 Christian Hempelmann alirudi kwenye maandishi ya awali na kuonesha kwamba lile lilikuwa tukio la mfadhaiko wa kundi, na kicheko kilikuwa dalili moja tu. Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, kwa kufuatilia makosa ya uchapaji yanayorithiwa kutoka orodha moja ya marejeleo hadi nyingine, walikadiria mwaka 2003 kwamba ni kama mtu mmoja tu kati ya watano wanaorejelea kazi ambaye ameisoma. Idadi ya marejeleo haitofautishi aliyesoma na aliyenakili. Na hapa waliosingiziwa ni watoto wa shule waliokuwa wanateseka.

8. Wayeyusha chuma hawamo kwenye mstari wa majina

Tarehe 22 Septemba 1978 jarida la Science lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu chuma cha Wahaya. Wachimbuaji walikuwa wamekuta tanuri za kale kando ya ziwa, zikiwemo za Kemondo, za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Dai la waandishi hao kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa moto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufika kwenye mkaa lilizua mjadala mrefu wa kitaalamu.

Msingi wa hoja hiyo ulikuwa kazi ya mikono. Wazee wa Kihaya waliokumbuka ufundi wa ujana wao walijenga tanuri upya, wakachoma matete ya kinamasi, wakapanga mirija na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Mwaka huohuo wa 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, na kuanzisha kamati ambayo leo inamtaka mwandishi atimize masharti manne: achangie utafiti, ashiriki kuandika, aidhinishe nakala ya mwisho, na awajibike kwayo. Kwa masharti hayo, fundi anayejua tanuri kuliko yeyote lakini haandiki Kiingereza huishia kwenye shukrani. Na shukrani hazihesabiwi na kipimo cha h.

9. Mtribi wa enanga aliingia kwenye kichwa cha makala

Mugyabuso Mulokozi, mwanazuoni wa Kiswahili aliyezaliwa Bukoba, alichapisha mwaka 1997 makala kuhusu Habibu Selemani, mtambaji wa tendi za Kihaya aliyefariki mwaka 1993. Jina la Habibu liko kwenye kichwa chenyewe cha makala. Mashine ya kuhesabu haimpi alama, lakini kila anayerejelea makala hiyo analazimika kuandika jina la msanii. Hiyo ni njia ya heshima ambayo mtafiti yeyote anaweza kuiiga. Si wasanii tu wasioonekana: hifadhidata kubwa huegemea majarida ya Kiingereza, kwa hiyo kazi nyingi za wanazuoni wetu zilizoandikwa kwa Kiswahili hazionekani huko hata zinaposomwa na kila mwanafunzi wa fasihi nchini.

10. Waafrika wengi hubaki katikati ya orodha

Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Bethany Hedt-Gauthier ilichapisha uchambuzi wa makala 7,100 za utafiti wa afya barani Afrika. Waandishi wa kwanza kutoka nchi iliyotafitiwa walizidi nusu kidogo tu, na katika makala 13.5 kati ya kila 100 hakukuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi hiyo. Tamko la Cape Town kuhusu haki katika utafiti lilizitaka taasisi zikomeshe utafiti wa namna hiyo. Tayari upo pia utaratibu wa majukumu 14, ambao huandika wazi nani alibuni, nani alikusanya data, nani alichambua na nani alisimamia.

Kanuni zote hizi zimetungwa na watu, na watu wanaweza kuzidai. Kijana wa Bukoba au Muleba anayeajiriwa kuwa mdadisi, mtafsiri au mtaalamu wa maabara katika mradi ujao aulize mapema, kabla ya hojaji ya kwanza kujazwa: nani ataandika, majina yatapangwa kwa kanuni gani, na sisi tuliozunguka vijijini tutaandikwa wapi? Jibu liwekwe kwenye karatasi ya makubaliano, kwa sababu makala ikishachapishwa, kubadilisha mstari wa majina ni kazi ngumu mno.