Ramani Iliyotoka Ndani ya Matatu

Mkazi wa Buruburu hahitaji kuelezwa matatu namba 58 ni gari gani. Anajua itafuata Barabara ya Jogoo, anajua mahali foleni itakapomkamata, na akisikia makanga amegonga bodi mara mbili anajua gari linaondoka. Mgeni aliyefika Nairobi jana hajui hata moja kati ya hayo. Kwa miaka mingi, wapangaji wa jiji nao hawakuwa na mahali pa kuyasoma. Njia za matatu zilikaa vichwani mwa madereva, makanga na abiria.

Sababu yake ni historia. Matatu hazikuanzishwa na ofisi yoyote. Jina lenyewe linakumbusha nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni maalumu, na kuanzia hapo zikafuata watu walikohamia. Mtaa ulipojengwa Umoja, Kayole au Dandora, haukukaa siku nyingi kabla matatu haijafika.

Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia, pamoja na kampuni ya ubunifu ya Groupshot, katika mradi uliopewa jina Digital Matatus. Wanafunzi wa Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi. Gari liliposimama, walibonyeza, na programu ikahifadhi mahali hapo na jina la steji. Kazi hiyo ilihitaji subira, kwa kuwa steji nyingi hazina kibao wala kibanda. Ni steji kwa sababu watu wamezoea kushukia hapo.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa katika data yenyewe. Mpangilio wa kuhifadhi taarifa za usafiri unaotumika duniani, GTFS, ulianzia mjini Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa ajili ya mabasi yanayoondoka kwa ratiba. Matatu huondoka ikijaa. Ilibidi watafiti waulegeze mpangilio huo ili uikubali Nairobi jinsi ilivyo, na huo ndio uamuzi unaostahili sifa kuliko yote katika mradi huu. Wangeweza kusubiri matatu zianze kufuata saa, na wangekuwa wanasubiri hadi leo.

Lakini data kwenye kompyuta haizungumzi na dereva. Kwa hiyo zaidi ya njia 130 zilichorwa katika ramani moja ya karatasi, kwa rangi na mistari iliyonyooshwa, mtindo ambao wasafiri wa treni za chini ya ardhi za London wameuzoea tangu 1933. Ramani ikatandazwa mbele ya madereva, wenye magari na maofisa wa jiji. Watu ambao kila mmoja alijua kipande chake tu waliona jiji zima kwa mara ya kwanza. Mistari ilikuwa imesongamana kuelekea katikati ya jiji, huku kati ya mtaa na mtaa pakibaki mapengo. Mtu wa Eastlands aliyezoea kwenda mjini kwanza ndipo apande gari la pili alijua adha hiyo miguuni. Sasa ilikuwa mezani, na wenye magari wakaanza kuonyeshana kwa vidole mahali ambapo njia mpya ingewezekana.

Ramani ilitolewa kwa umma mwaka 2014 na serikali ya jiji ikaikubali. Mwaka uliofuata njia hizo ziliingia katika Google Maps. Data iliachwa wazi, bila malipo, na miji mingine yenye usafiri wa aina hii, ukiwemo Managua huko Nicaragua, ikachora ramani zake.

Hata hivyo, ramani hiyo ilichorwa kabla ya Barabara ya Outer Ring kupanuliwa, na haiwezi kujua lori limekwama wapi asubuhi hii. Pengo hilo ndilo linalojazwa na huduma kama Ma3Route, ambayo abiria wenyewe huitumia kupashana habari za foleni na ajali. Lakini mvua ikinyesha jioni na nauli ya Kayole ikapanda ghafla, abiria huyohuyo mwenye simu mkononi husogea mlangoni na kumwuliza makanga ni ngapi.