Kumbo, kipenga na watoto wa barafuni

Ukishuka matatu pale Panari, Mombasa Road, mchana wa jua la kuchoma utosi, halafu umwambie mtu unaenda kucheza kwenye barafu, atakuangalia mara mbili. Lakini ndani ya ile hoteli kuna uwanja wa barafu tangu 2005, na ndiko timu ya Kenya Ice Lions ilikozaliwa. Mimi nilienda mara ya kwanza na binamu yangu, nikiwa na kiburi tele kwa sababu viatu vya magurudumu nimevivaa tangu primary. Barafu ilininyoosha. Nilianguka mara sita kabla sijathubutu kuachilia ukingo, na katoto ka miaka kama minane kakanipita kinyumenyume, kakaniangalia, kakacheka.

Hako katoto ndiko kalinifanya nianze kusoma kuhusu huu mchezo. Nilitaka kujua wenzetu wa huko kwenye baridi huwafundisha watoto vipi. Nikagundua kwamba Marekani na Canada wamebishana miaka na mikaka kuhusu mambo matatu: mtoto apewe uwanja mkubwa kiasi gani, aruhusiwe kugongwa akiwa na umri gani, na huyo refa anayemlinda atalindwa na nani. Ukidhani hayakuhusu kwa sababu barafu unayoijua ni ile ya friji ya mathee, ngoja kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Ni magongo kama yale ya uwanjani City Park, ila hapa mnateleza, mko sita kila upande pamoja na kipa, na badala ya mpira mnapiga kisahani kigumu cha raba. Cha wakubwa kina uzito wa gramu 170 hivi. Uwanja kamili wa kule Marekani ni mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta wa mbao na juu yake vioo. Na kuna kitu kinaitwa kumbo. Mwenye kisahani unaruhusiwa kumpiga kwa bega au kiuno ili umtoe njiani. Hapo ndipo raha ya watazamaji ilipo, na hapo ndipo shingo za watu huvunjikia.

Sasa fikiria mtoto wa miaka saba kwenye uwanja wa mita 61. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Watoto kumi wanakimbizana na kisahani kimoja kutoka ukuta hadi ukuta, yule mmoja mwenye miguu mirefu anafunga mabao yote, na wengine wanamaliza mechi bila kugusa chochote. Wazazi wanapiga makofi kwa sababu inafanana na ile ya kwenye TV. Ni kama vile sisi mtaani huwatupa madogo wa under-10 kwenye uwanja mzima wa shule, magoli ya wakubwa, kipa hafiki hata nusu ya mwamba, halafu kocha anapiga kelele kwamba hawajui kupanga pasi. Pasi gani, na mpira ukipigwa unahitaji bodaboda kuufuata?

Mwaka wa 2009 shirikisho la Marekani, USA Hockey, lilileta mfumo mpya wa kukuza wachezaji. Kwa watoto wa miaka minane kwenda chini uwanja hukatwa kwa vizuizi vyepesi, magoli yanawekwa ubavuni, na wanacheza kwa upana badala ya urefu. Uwanja mmoja unabeba vikundi kadhaa kwa wakati mmoja, kila kikundi na zoezi lake. Kisahani chenyewe ni cha buluu, gramu 113 tu, kwa sababu mkono wa mtoto si mkono wa mtu wa miaka 25. Kila mtoto anagusa, anapoteza, anaiba tena, anageuka mahali padogo. Wazazi walilalamika vibaya. Walisema watoto wao wanafanyiwa mchezo wa kitoto. Nami nauliza, walitaka wafanyiwe wa nani?

Hapa ndipo nilipokumbuka Panari. Uwanja wetu hauna vipimo kamili, na kila mtu ambaye amewahi kuandika kuhusu Ice Lions ameusikitikia kwa udogo wake. Kwa wakubwa kweli ni shida. Lakini kwa kale katoto kalikonicheka, huo udogo ni darasa. Hakana pa kukimbilia, kwa hivyo kamejifunza kugeuka. Wamarekani wanalipa pesa kununua vizuizi vya kukatia uwanja, na sisi tumepewa wetu ukiwa umekatwa tayari.

Kumbo ndiyo iliyoleta vita. Makocha wengi wa zamani waliamini kwamba mtoto aanze kugongwa mapema ili azoee, kama vile wazee wetu walivyoamini kiboko humfanya mtu awe na akili. Halafu mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary wakachapisha hesabu zao. Walikuwa wamefuatilia watoto wa miaka 11 na 12 katika mikoa miwili ya Canada. Alberta kumbo iliruhusiwa katika umri huo, Quebec ilikatazwa. Watoto wa Alberta walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya kupata mtikisiko wa ubongo. Watoto wa umri mmoja, mchezo mmoja, nchi moja. Kilichotofautiana ni sheria.

Mwaka uliofuata, 2011, USA Hockey wakapiga kura na kuondoa kumbo kwa kila mtoto wa miaka 12 kwenda chini. Canada nao wakafuata 2013. Kuna waliosema mchezo umekufa. Haukufa. Kocha bado anawafundisha wadogo kugusana, kutumia bega kulinda kisahani, kuingia kwenye kona wakiwa wameinua kichwa, ila hiyo hufanywa mazoezini, polepole, kabla hawajafika umri wa kugongwa kwa nguvu. Hicho kichwa kilichoinuliwa si mbwembwe. Ukigonga ukuta ukiwa umeinamisha kichwa, nguvu zote zinashukia kwenye uti wa shingo.

Na sheria ya watoto wadogo haimalizi maneno, kwa sababu baadaye kuna high school.

Jimbo la Minnesota, hoki ya shule ni kama raga ya Prescott Cup kwetu, ongeza mara kumi. Mashindano ya jimbo ya wavulana yapo tangu 1945. Mji mzima unafunga maduka kufuata timu ya shule. Mnamo Desemba 30, 2011, kijana wa miaka 16 anayeitwa Jack Jablonski alikuwa akiichezea timu ya pili ya shule yake, Benilde-St. Margaret's. Timu ya pili, elewa, haikuwa fainali, hakukuwa na kombe. Aligongwa kutoka nyuma karibu na ukuta, akaenda kichwa mbele. Uti wa mgongo ukaharibika. Mpaka leo anatumia kiti cha magurudumu, na ana wakfu unaochangisha pesa za utafiti wa majeraha ya aina hiyo.

Kumgonga mtu kwa nyuma kulikuwa kosa hata kabla ya siku hiyo. Hiyo ndiyo sehemu iliyonikaa kichwani. Sheria ilikuwepo, ila refa angeweza kuliita kosa dogo, mchezaji akakaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili, akarudi. Makocha walizihesabu hizo dakika mbili kama nauli. Mnamo Januari 2012, msimu ukiwa katikati, chama cha michezo ya shule cha Minnesota hakikungoja mwaka uishe. Kilisema kuanzia sasa kumgonga mtu kwa nyuma, kumbamiza ukutani au kumpiga kichwani ni dakika tano. Mechi za shule huko ni vipindi vitatu vya dakika 17. Dakika tano timu yako ikiwa pungufu, hata mkifungwa mabao mawili adhabu inaendelea. Ghafla makocha waliokuwa wakipiga kelele za "maliza yeye" wakaanza kuwafundisha vijana kuvunja breki wakiona namba ya mgongoni.

Lakini adhabu ya dakika tano inahitaji mtu wa kuitoa. Huyo mtu, katika mechi za watoto, mara nyingi naye ni mtoto. Marekani na Canada refa wa mechi za wadogo anaweza kuwa kijana wa shule, miaka 14 au 15, amehudhuria semina, akafanya mtihani wa sheria, akanunua ile fulana ya mistari myeusi na myeupe. Anatafuta pesa ya mfukoni. Na kule juu kwenye viti kuna buda mzima, mwenye gari na nyumba, anamtukana kwa sababu mwanawe wa miaka tisa ametolewa dakika mbili.

Wacha nikupe yangu. Nilipoacha college mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilichezesha mechi za madogo wa under-13 mtaani kwetu, shilingi mia tatu mechi moja. Nilikuwa na miaka 20. Siku moja nikatoa kadi nyekundu kwa dogo aliyemkanyaga mwenzake makusudi, tena mpira ukiwa mbali. Baba yake akaingia uwanjani. Akanishika kola mbele ya watoto wote, akaniita majina siwezi kuyaandika hapa, na kocha wa timu yake akasimama kando akiangalia simu. Hakuna aliyesema kitu. Mechi iliendelea, yule dogo akarudi kucheza, mimi nikapuliza kipenga cha mwisho dakika kumi kabla ya wakati. Yule aliyekanyagwa alikuwa amekaa pembeni na barafu ya mfuko kwenye goti. Sikurudi tena. Kipenga kiko ndani ya droo mpaka leo.

Kwa hivyo niliposoma kwamba huko nako marefa wengi huacha baada ya msimu mmoja au miwili, sikushangaa hata kidogo. Kilichonishangaza ni kwamba wameamua kufanya kitu. USA Hockey wana sera ya kutovumilia matusi: mzazi akizidi, refa anasimamisha mchezo, anamwonyesha kocha ni nani, na mchezo hauendelei mpaka huyo mtu atoke. Timu nzima inasimama kwenye barafu ikimngoja mzee mmoja apande ngazi aondoke. Hebu piga picha. Na Ontario wameleta ukanda wa kijani ambao refa wa chini ya miaka 18 huvaa mkononi, ili kila aliye uwanjani ajue kwamba anayetaka kumtukana ni mtoto. Sijui kama mimi ningetaka kuuvaa. Kuna aibu fulani ndani yake. Lakini kama kungekuwa na mtu mmoja wa kumwonyesha yule baba njia siku ile, pengine bado ningekuwa uwanjani.

Turudi Nairobi. Ice Lions walianza bila mpinzani, wakicheza wao kwa wao kwa sababu hapa kanda yetu hakukuwa na timu nyingine. Mwaka wa 2018 walipelekwa Canada, na katika mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wa NHL, walivaa jezi ya Kenya wakacheza nao. Ile video ilizunguka dunia. Mwaka wa 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia, IIHF. Sasa watu wanaongea kuhusu uwanja mkubwa, na ni haki waongee, kwa sababu hakuna mashindano ya kimataifa utakayocheza nyumbani kwenye barafu ya ukubwa ule.

Mimi macho yangu yako kwa wale wadogo wa wikendi. Wengi wamevaa helmeti za kuazima, soksi mbili-mbili, gongo limekatwa ili liwafike kifuani. Miaka mitano ijayo watakuwa na urefu na nguvu za kumwangusha mtu, na siku hiyo tutahitaji mtu mwenye kipenga anayejua kutofautisha bega la haki na kumbo la mgongoni, tena asiyemwogopa baba wa mtu. Uwanja unaweza kujengwa kwa pesa za mfadhili. Refa hajengwi hivyo, anaanza akiwa na miaka 15, anakosea, anarekebishwa, anarudi wiki inayofuata, kama watu hawajamfukuza.

Jumapili iliyopita nilirudi. Walikuwa wakicheza mechi ya mazoezi na kijana mmoja wa form three ndiye aliyekuwa na kipenga. Alipomtoa mchezaji kwa kumsukuma mwenzake ukutani, mama mmoja nyuma yangu akaanza kupaza sauti. Nikageuka nikamwambia, "Auntie, huyo pia ni mtoto wa mtu." Akanyamaza, akaniangalia vibaya, akarudi kwa simu yake. Mechi ilipoisha nikamuuliza kocha kama wanahitaji refa mwingine. Akaniuliza kama najua kuteleza. Nikamwambia ukweli, bado naanguka. Akasema nije mapema wiki ijayo, kabla watoto hawajafika.