Maji ya rejeta yanakwenda wapi?

Ikiwa kila asubuhi unaongeza maji kwenye rejeta na chini ya gari ni pakavu, msomaji, usipuuze. Maji hayapotei bure.

Injini ikiwa imepoa, kagua kifuniko, mipira ya maji na pampu. Madoa meupe au ya kijani yaliyokauka huonyesha panapovuja. Papasa zulia la mbele: likilowa, huenda hita inavuja.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huashiria gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiendeshe tena, mwite makanika. Gasketi ni nafuu kuliko injini.

Na kamwe usifungue rejeta ingali moto. Mvuke wake huunguza uso.