Digrii ama kazi mapema: uzi wa kusoma kabla hujapiga makofi

Kila msimu wa siasa wimbo huu hurudi. Mmoja anapanda jukwaani na kuwaambia vijana waachane na digrii, washike kazi za mkono. Umati unashangilia. Wiki ijayo mwingine, ama huyo huyo akiwa kaunti nyingine, anaahidi kuwajengea wenyeji chuo kikuu. Umati unashangilia tena. Sitataja mtu wala chama, mnajua kawaida ya uzi zangu. Twende pole pole.

Tuanze na hesabu ambayo jukwaani haisemwi. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ kwenda juu, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu. Hao ni kama robo ya wote waliofanya mtihani. Kwa hivyo tukikesha hapa tukibishana kama chuo kikuu kina maana, robo tatu ya darasa hata hawajaulizwa. Kwao swali ni chuo cha ufundi ama kibarua, na karo itatoka wapi.

Na hiyo robo yenyewe imepanda na kushuka sana. Mwaka wa 2016, udanganyifu ulipobanwa, waliopata C+ hawakufika 89,000. Mwaka uliofuata walikuwa kama 70,000. Kabla ya hapo vyuo vilikuwa vimenona kwa wanafunzi wa kujilipia, wale wa "parallel", mpango ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliuanza 1998. Idadi ilipoanguka, karibu kila aliyefaulu alipata nafasi ya serikali. Nani tena angejilipia? Pesa zikakauka, majengo na mishahara vikabaki. Ukisikia madeni ya vyuo vikuu yakitajwa bungeni, mzizi mmoja uko hapo.

Kuna jambo lingine ambalo huniuma kidogo. 2013, Kenya Polytechnic iligeuzwa chuo kikuu, Mombasa Polytechnic pia. Hizo ndizo zilikuwa shule kubwa za mafundi nchini. Tulizipandisha cheo, halafu miaka michache baadaye tukaanza kuuliza mafundi wameenda wapi.

Sasa pesa. Hapa tulieni, maana ndipo watu wanaumia.

Wazazi wengi bado wana ile picha ya zamani: mtoto akiitwa na serikali, karo ni 16,000 kwa mwaka. Hiyo iliisha na mfumo mpya wa 2023. Siku hizi gharama ya kozi inagawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na mchango wa familia. Kila mtu anapata mgao kulingana na bendi aliyowekwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, kesi ikaenda rufaa, na watoto wakaendelea kuingia vyuoni huku mawakili wakibishana.

Chukua mfano wa kozi ya 200,000 kwa mwaka, miaka minne. Jumla 800,000. Kwa mgao uliotangazwa 2024, aliye bendi ya tatu anafadhiliwa nusu, anakopeshwa asilimia 30, familia inatoa asilimia 20. Kwa hivyo mkopo wa karo ni 240,000, na nyumbani mnatafuta 160,000. Ongeza mkopo wa matumizi wa 50,000 kila mwaka, yaani 200,000 nyingine. Huyu kijana anavaa joho akiwa na deni la 440,000.

Riba ya HELB ni asilimia 4, ambayo ni nafuu sana. Kwa 440,000 ni kama 17,600 kwa mwaka. Shida ni faini. Usipolipa unapigwa 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Hebu rudia hizo namba. Aliyekosa kazi anatozwa kwa kukosa kazi zaidi ya mara tatu ya kile anachotozwa kwa kukopa. Halafu akikaribia kuajiriwa na serikali anaambiwa alete cheti cha HELB kuonyesha hana deni lililochelewa. Mimi nikisikia mgombea anaongea juu ya elimu, huwa nasubiri aguse hiyo faini. Nasubiri sana.

Haya, mtasema basi kumbe kazi mapema ndiyo mpango. Ngojeni kwanza.

Kati ya ajira mpya kama 782,300 zilizohesabiwa 2024, ukiacha kilimo kidogo kidogo na ufugaji, zaidi ya 700,000 zilikuwa za jua kali. Huko ndiko aliyeacha shule anaenda, na mwenye digrii aliyezunguka na bahasha ya kaki hadi ikachanika anaishia huko huko. Tofauti ni kwamba mmoja amefika mapema bila deni, mwingine amefika na la 440,000.

Lakini kufika mapema hakusaidii kama kazi yenyewe haikui. Anayebeba mawe kwa mjengo akiwa na miaka 18 analipwa kama anayeyabeba akiwa na 30, na mgongo wa pili umechoka. Boda ni hivyo hivyo: nauli ya kutoka stejini hadi sokoni haijali umekuwa barabarani miaka mingapi. Miaka minne ya kazi ni mali tu ikiwa kila mwaka unajua kitu ambacho mwaka jana hukujua, na kuna karatasi inayothibitisha.

Chukua fundi wa stima. Kijana anaweza kujifunza kufunga nyaya za nyumba kwa miaka miwili akifuata fundi mkubwa, na akawa hodari kweli. Lakini leseni inatolewa na EPRA, na EPRA haiangalii mikono, inaangalia vyeti. Bila leseni anafanya kazi yote, halafu mwenye leseni anakuja kutia sahihi na kubeba sehemu nono. Nimeona hili mara nyingi mtaani, na hakuna mkutano wa siasa nimesikia likitajwa. Njia ipo: mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi III hadi I, hata kama ulijifunzia gereji na hujakanyaga chuo. Wengi hawaijui kabisa. Kila anayesema "vijana washike kazi za mkono" angekuwa anataja NITA kwa jina tungekuwa mbali.

Na kuna kinaya hiki. Sheria yetu ya Uchaguzi inataka rais, gavana na manaibu wao wawe na digrii kutoka chuo kinachotambulika. Wabunge na wawakilishi wadi waliponea mahakamani. Kwa hivyo kuna watu wanaokuambia digrii si kitu, na wao bila digrii karatasi zao za kugombea zingerudishwa. Ukiwasikia, waulize pia watoto wao wanasomea wapi. Kwa heshima lakini.

Msimamo wangu, kwa sababu mtaniuliza tu: kozi ikiwa inafungua mlango ambao bila hiyo haufunguki, kama udaktari ama uhandisi, na bendi yako ni ya kwanza ama ya pili, enda. Ukiwa bendi ya nne ama ya tano, kozi ni ile uliyotupiwa kwa sababu pointi hazikutosha ya kwanza, na nyumbani wanataka kuuza shamba, mimi singeuza. Diploma ya KMTC ama ya chuo cha ufundi inaweza kukufikisha kazini mapema, na digrii ukaiongeza baadaye ukiwa na mshahara. Si aibu, wauguzi wengi wamepita hapo.

Mzazi mmoja ameniandikia inbox, kijana wake ana C+ na ameitwa kozi ambayo hata jina lake hawaelewi. Mama, kabla ya kulipa chochote mwambie aingie kwa mtandao aone bendi yake. Kama mapato ya nyumbani yameandikwa vibaya, kuna nafasi ya kukata rufaa, na wengi huikosa kwa sababu wanangoja hadi karo iitishwe. Kesho jioni naandika uzi wa hiyo rufaa peke yake. Leteni maswali hapa chini.